Furu Mdogo na Eneo Lake

Je, umewahi kumtazama jogoo anapoona jogoo mgeni ameingia uani? Husimamisha manyoya ya shingo, hukwaruza ardhi, kisha humkabili mgeni yule. Mara nyingi mgeni hukimbia kabla hawajapigana. Jogoo mwenyeji hatafuti chakula wakati huo. Analinda mahali pake.

Wanyama wengi hufanya hivyo. Sehemu ambayo mnyama huikalia na kuilinda dhidi ya wenzake tunaiita eneo lake. Katika sura hii tutajifunza juu ya samaki mdogo anayelinda eneo lake kwa bidii kama jogoo. Tutajifunza pia namna ya kumfuga katika tangi la kioo nyumbani, ili tuweze kumchunguza kwa karibu bila kumdhuru.

Samaki wa vinamasi

Tuseme unaishi Nyakakika, katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Upande wa magharibi wa wilaya hiyo hupita Mto Kagera, ambao ni mpaka kati ya Tanzania na Rwanda. Mto huo huelekea kaskazini, ukapita kando ya Wilaya ya Kyerwa, kisha hugeuka mashariki na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kandokando ya mto huo kuna vinamasi vipana vilivyoota mafunjo.

Katika mito, maziwa na vinamasi vya bonde la Ziwa Victoria huishi samaki wadogo waitwao furu. Furu wana aina nyingi sana. Mmoja wao ni furu wa vinamasi, ambaye wataalamu humwita Pseudocrenilabrus multicolor. Hata akikomaa, urefu wake hauzidi sana sentimita 8, yaani kama urefu wa kidole chako cha kati. Dume ana rangi za kung'aa za buluu na manjano, na ncha ya pezi lake la chini, karibu na mkia, ina doa la rangi ya chungwa. Jike ana rangi hafifu ya kijivu au hudhurungi.

Maji ya Mto Kagera yakishaingia Ziwa Victoria, hutoka tena kwa Mto Nile huko Jinja, nchini Uganda, na kusafiri hadi Misri. Furu wa aina hii hupatikana huko Misri pia. Samaki waliotoka Misri ndio walioelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza, mnamo mwaka 1903. Tangu wakati huo watu wa Ulaya wamekuwa wakimfuga katika matangi majumbani mwao. Kwa hiyo samaki anayeweza kuonekana karibu na shamba la migomba la babu yako anajulikana katika nchi za mbali.

Furu hulindaje eneo lake?

Furu dume huchagua mahali pa chini penye mchanga. Hapo huchimba shimo dogo kwa kinywa chake: huchota mchanga, husogea pembeni na kuutema. Shimo hilo na sehemu inayolizunguka ndilo eneo lake.

Dume mwingine akikaribia, mwenye eneo hufanya mambo yafuatayo kwa utaratibu:

1. Rangi zake hukolea.
2. Hutandaza mapezi yake yote ili aonekane mkubwa.
3. Hufungua vifuniko vya matamvua.
4. Mgeni asipoondoka, humfukuza na kumwuma.

Je, kwa nini hapigani tangu mwanzo? Kupigana huchosha na huleta majeraha. Samaki mwenye jeraha huugua upesi, au huliwa na ndege. Basi ni afadhali kumtisha mgeni aondoke mwenyewe. Furu aliyeshindwa hukunja mapezi, rangi zake hufifia, naye hukimbilia kwenye mafunjo. Mwenye eneo akishaona mgeni amevuka mpaka, humwacha aende zake.

Jambo hili ulikumbuke vizuri. Katika kinamasi aliyeshindwa ana pa kukimbilia. Katika tangi la kioo hana. Tangi likiwa dogo na tupu, hakuna mpaka wa kuvuka, kwa hiyo kila anapokwenda bado yumo ndani ya eneo la mshindi. Atafukuzwa usiku na mchana mpaka afe. Watu wengi wanaoanza kufuga furu hupoteza samaki wao kwa sababu hii, wakadhani wamekufa kwa ugonjwa au kwa njaa.

Kutayarisha tangi

Tangi linalofaa lina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Tukilijaza maji hadi kimo cha sentimita 25, tutapata ujazo huu:

60 × 30 × 25 = sentimita za ujazo 45,000

Lita moja ni sawa na sentimita za ujazo 1,000. Kwa hiyo tangi letu lina maji lita 45. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji peke yake yana uzito wa kilo 45, mbali na uzito wa kioo, mchanga na mawe. Liweke tangi juu ya meza imara iliyo sawasawa. Lisikae juani wala karibu na moshi wa jiko.

Kama huna tangi la kioo, tumia beseni pana la plastiki. Utawatazama samaki kutoka juu. Usitumie chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya mimea au sabuni.

Fuata hatua hizi:

1. Osha mchanga mara nyingi mpaka maji yake yawe maangavu. Utandaze ndani ya tangi kwa kina cha sentimita 4.

2. Panga mawe yaliyooshwa na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Viweke katika mafungu matatu au manne yaliyoachana, na kila fungu liwe na pango la kujifichia. Hakikisha samaki aliye upande mmoja hawezi kuona hadi upande wa pili. Vigae hivi ndivyo mipaka ya samaki wako, kama vile mimea inayopandwa kati ya shamba na shamba.

3. Panda mimea ya majini kati ya mafungu hayo. Ioshe kwanza, na uondoe kila konokono na mayai yake.

4. Jaza maji ya kisima au ya chemchemi. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yaache kwanza katika ndoo wazi kwa siku mbili.

5. Funika tangi kwa kitambaa chepesi chenye matundu, ili hewa ipite na mbu wasiingie kutaga mayai.

Usiweke samaki siku hiyo. Subiri wiki nne. Katika muda huo tia chembe chache sana za chakula kila baada ya siku mbili. Chakula hicho kitaoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wa aina fulani wataanza kuishi juu ya mchanga na mawe, nao wataibadili amonia kuwa kitu chenye madhara kidogo. Samaki nao hutoa amonia kupitia matamvua yao. Pasipo bakteria hao, samaki hudhurika kwa uchafu wao wenyewe hata kama maji yanaonekana maangavu. Wiki nne zikiisha, badilisha nusu ya maji. Sasa tangi li tayari.

Kupata samaki

Usiingie kinamasini kutafuta samaki. Kuna sababu tatu. Kwanza, maji yanaweza kuwa na kina usichokiona. Pili, viboko na mamba huishi katika Mto Kagera. Tatu, maji ya vinamasi yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono, huogelea majini na kupenya katika ngozi ya mtu.

Mwombe mzazi au mlezi amwone ofisa uvuvi kwanza, ili ajue mahali panaporuhusiwa kuvuliwa. Kumbuka kwamba mwaka 2019 zilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Hairuhusiwi kuchukua mnyama ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali. Mvuvi mtu mzima anaweza kukupatia furu wachache kwa wavu mdogo wa mkono.

Kwa tangi la lita 45, chukua dume mmoja na majike watatu. Usiweke madume wawili. Usiwe na jike mmoja tu pia, maana dume atamsumbua yeye peke yake. Wakiwa watatu, usumbufu hugawanyika.

Jihadhari usichukue mtoto wa sato ukidhani ni furu. Watoto wa sato wengi wana doa jeusi katika sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni. Sato hukua kupita sentimita 30, na tangi lako halitamtosha.

Samaki wakifika, usiwamimine katika tangi mara moja. Kiweke chombo chao ndani ya maji ya tangi kwa nusu saa ili joto lilingane. Kila baada ya dakika chache, tia kikombe kimoja cha maji ya tangi ndani ya chombo chao. Kisha wachukue kwa wavu na uwaachie tangini. Yale maji waliyokuja nayo yamwage juu ya ardhi kavu, mbali na kisima.

Matunzo ya kila siku

Furu hula wadudu wadogo, viluwiluwi vya mbu na vipande vidogo vya nyungunyungu. Walishe mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachoweza kumaliza kwa dakika tatu. Chakula kinachobaki huoza. Ukikusanya viluwiluwi vya mbu katika chombo cha maji, kimwage kila baada ya siku tano. La sivyo utafuga mbu badala ya samaki.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Robo ya lita 45 ni lita 11 na kidogo. Usibadilishe maji yote kwa pamoja, wala usioshe mchanga kwa sabuni, maana utawaua bakteria wanaokusaidia. Usipulize dawa ya wadudu katika chumba chenye tangi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza kazi.

Samaki wakipanda juu na kuvuta hewa kwa haraka, maji yamepungukiwa na oksijeni au yamechafuka. Badilisha robo ya maji mara moja na usiwalishe siku hiyo.

Mama anayebeba watoto kinywani

Furu wako wakiridhika na makao yao, huenda ukaona jambo la ajabu. Jike hutaga mayai katika shimo la dume, kisha huyaokota yote kwa kinywa chake. Huyabeba humo kwa muda unaokaribia wiki mbili. Kidevu chake huvimba, naye hali chakula, au hula kidogo sana. Hujificha penye vigae na mimea.

Watoto wakitoka, huogelea karibu na mama yao. Hatari ikija, hurudi mbio kinywani mwake. Baada ya siku kadhaa hawarudi tena. Jike aliyebeba mayai asiguswe wala asifukuzwe kwa wavu, kwa sababu akishtuka anaweza kuyatema. Sasa unaona faida ya mafungu yale ya vigae: pasipo pa kujificha, dume angemfukuza na mayai yangepotea.

Kinamasi kama kimbilio

Pengine umejiuliza: tangi letu halina umeme wala pampu ya kuingiza hewa, mbona furu huyu anaishi?

Jibu liko kinamasini. Ndani ya mafunjo mazito majani mengi huoza, na kuoza huko hutumia oksijeni. Kwa hiyo maji ya kinamasi yana oksijeni kidogo. Furu wa vinamasi amezoea hali hiyo. Wataalamu waliowachunguza nchini Uganda waliona kwamba furu wa aina hii wanaotoka katika vinamasi wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji yenye oksijeni nyingi. Matamvua makubwa huchukua oksijeni zaidi.

Uwezo huo umewaokoa samaki wengi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki aitwaye sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria kutoka maziwa mengine. Sangara huweza kufikia uzito unaozidi kilo 100, na hula samaki wenzake. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka mno. Kabla ya hapo Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kuwa 500 au zaidi. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Sangara hakuwa sababu pekee. Uvuvi mwingi na kuchafuka kwa maji pia vilichangia.

Lakini sangara hawezi kustahimili maji yenye oksijeni kidogo. Haingii ndani sana ya mafunjo. Samaki wadogo wanaoweza kuishi humo walipata kimbilio, kama vile yule furu aliyeshindwa anavyokimbilia nyuma ya kigae.

Matangi ya kioo nayo yalisaidia. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wakiwachunguza furu huko Mwanza. Baadhi ya furu walipelekwa wakiwa hai katika matangi ya Ulaya na Marekani, wakazaliana humo. Hata hivyo, tangi haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa. Samaki mia moja ndani ya vioo huko ng'ambo hawalishi kijiji wala hawali viluwiluwi vya mbu wa Kagera. Mahali pa furu ni katika maji yake. Mtu akikausha kinamasi chote na kukata mafunjo yote, furu hukosa pa kukimbilia, sawa na katika tangi tupu.

Kanuni ya kukumbuka

Huenda siku moja utachoka kufuga samaki, au watoto wao watazidi nafasi ya tangi. Usiwamwage katika mto, bwawa au ziwa lililo karibu. Samaki wa maji mengine wanaweza kuleta magonjwa, au kuzaana na furu wa aina nyingine, na kosa hilo halirekebishiki kwa urahisi. Wape wanafunzi wenzako walio na matangi yaliyotayarishwa, au mwulize ofisa uvuvi. Waliomwingiza sangara hawakuweza kumtoa tena.

Jaribio: Furu na kioo

Vifaa: tangi lenye furu dume, kioo kidogo cha kujitazamia, saa, daftari na penseli.

Njia:
1. Chora ramani ya tangi lako ukionyesha mawe, vigae na mimea.
2. Kwa siku saba, saa ile ile kila siku, tia alama kwenye ramani mahali alipo dume.
3. Siku ya nane shikilia kioo nje ya tangi, karibu na shimo la dume, kwa muda wa dakika moja tu. Andika unayoyaona.
4. Siku inayofuata shikilia kioo upande ulio mbali na shimo lake kwa dakika moja. Dume akikikaribia, linganisha matendo yake na yale ya jana.

Angalizo: Usizidishe dakika moja. Furu hudhani picha yake ni dume mgeni, na mgeni huyo hakimbii kamwe. Kioo kikiachwa, atapigana nacho mpaka achoke.

Maswali

1. Eneo la mnyama ni nini? Taja wanyama wawili wa kwenu wanaolinda maeneo yao.
2. Kwa nini furu humtisha mgeni kabla ya kupigana naye?
3. Mwanafunzi mmoja aliweka madume wawili katika beseni lisilo na mawe wala mimea. Baada ya siku tatu mmoja alikufa. Eleza sababu.
4. Tangi lina urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 30 na maji yenye kimo cha sentimita 25. Lina lita ngapi? Kila wiki utabadilisha lita ngapi?
5. Kwa nini tunasubiri wiki nne kabla ya kuweka samaki?
6. Eleza jinsi mafunjo yanavyowasaidia samaki wadogo kumwepuka sangara.
7. Jirani yenu anataka kumwaga samaki wake wa tangini katika kijito cha kijiji. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

Kazi ya nyumbani

Waulize wazee watatu: Walipokuwa watoto, ni samaki gani wadogo waliokuwa wakionekana katika vijito na vinamasi vya karibu na kwao? Ni wapi kati yao ambao hawaonekani siku hizi? Andika majina yao kama wazee wanavyoyataja, kisha uyalete darasani.